Springbank ya Campbeltown: wiski tatu chini ya paa moja, na nilichokisikia katika kila glasi

#1 Mwanzisha uzi (Glasgow)

Wakuu, salaam kwenu nyote. Uzi huu ni wa watu wazima wanaokunywa wiski na wanaotaka kuielewa. Kila mara mtu anapouliza humu ni wiski gani ya Skotlandi inayostahili fedha yake, hupewa orodha ya chupa za viwanda kumi tofauti, na kila anayejibu hutetea ya kwake. Mimi naona njia hiyo haifundishi. Ukionja chupa mbili za viwanda viwili, umebadilisha kila kitu kwa wakati mmoja, yaani maji, shayiri, moshi, mitungi, mapipa, unyevu wa ghala na hata desturi za wafanyakazi, na mwishowe huwezi kujua ni kipi kati ya hivyo kilicholeta tofauti uliyoisikia ulimini.

Kwa sababu hiyo, majira haya yote ya baridi nimekaa na kiwanda kimoja tu, Springbank, kilichopo Campbeltown, mji mdogo ulio karibu na ncha ya kusini ya rasi ya Kintyre, magharibi mwa Skotlandi. Nimekichagua kwa kuwa chini ya paa lake hutengenezwa wiski tatu zenye majina matatu, Hazelburn, Springbank na Longrow. Zote hutokana na shayiri iliyooteshwa kwenye sakafu zilezile, maji ya ziwa dogo liitwalo Crosshill Loch na mitungi ileile mitatu ya shaba. Kabla ya kufika kwenye pipa, zinatofautiana kwa mambo mawili: muda ambao kimea kinakaa juu ya moshi, na idadi ya mara ambazo pombe inakenekwa, yaani inachemshwa mtungini na mvuke wake kupozwa ili kileo kikolee. Sijui kiwanda kingine kinachompa mwanafunzi somo lililo wazi namna hii.

Niseme mapema ninachokiamini, ili anayetaka kupinga apinge akijua anapinga nini. Tabia ya wiski hizi inaamuliwa kwa sehemu kubwa katika tanuru na mitungi, ndani ya siku chache, kabla haijaanza kuhesabiwa miaka. Umri unaongeza, unalainisha na wakati mwingine unafunika. Mnywaji anayelipa fedha nyingi kwa ajili ya tarakimu iliyo kwenye lebo, kabla ulimi wake haujajua moshi unafanya nini na ukenekaji unafanya nini, analipia maandishi ambayo bado hajajifunza kuyasoma.

Nianze na mahali penyewe. Kiwanda kilianzishwa mwaka 1828, na mwaka 1837 kikaingia mikononi mwa ndugu wa ukoo wa Mitchell. Hadi leo ni mali ya kampuni ya J. & A. Mitchell. Kukaa karibu karne mbili bila kumezwa na makampuni makubwa ya vinywaji ni jambo la nadra sana katika biashara hii. Campbeltown ya karne ya 19 haikuwa na kiwanda kimoja wala viwili. Katika miaka ya 1880 palikuwa na viwanda 21 katika mji ambao unaweza kuuzunguka kwa miguu asubuhi moja. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mambo yaliharibika. Marekani ilipiga marufuku pombe kuanzia 1920 hadi 1933, na wiski ya mji huu ilikuwa imeshapata sifa mbaya kwa sababu baadhi ya viwanda vilikimbilia wingi vikasahau ubora. Kufikia katikati ya miaka ya 1930 vilivyobaki vilikuwa viwili, Springbank na Glen Scotia.

Majina ya Hazelburn na Longrow ni ya viwanda vilivyokufa katika mji huohuo. Longrow kilifungwa mwaka 1896, Hazelburn mwaka 1925. Miaka mitano kabla Hazelburn haijafungwa, kijana wa Kijapani aitwaye Masataka Taketsuru alijifunza kazi pale, kisha akarudi kwao na baadaye akaanzisha kampuni inayojulikana leo kwa jina la Nikka. Kwa hiyo sehemu ya elimu ya wiski ya Japani ilipita katika mtaa mmoja wa Campbeltown, na anayeonja Hazelburn ya leo ana jina la shule hiyo mkononi, ingawa kinywaji chenyewe kinatoka ua wa jirani.

#2 Mchangiaji (Bujumbura)

Ndugu mwanzisha uzi, shukrani kwa maelezo. Naomba utufafanulie mambo mawili kabla hujaendelea. Kwanza, hii “wiski ya kimea kimoja” inayotajwa kwenye chupa maana yake ni nini hasa, kwa kuwa wengi tunadhani ni aina moja ya nafaka au pipa moja. Pili, moshi unaousemea ni wa nini? Nimesoma mahali kwamba wanachoma udongo, na huku kwetu Burundi pamoja na majirani zetu wa Rwanda tunachimba udongo mweusi wa mabondeni unaowaka, lakini sijui kama ni kitu kilekile.

#3 Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Bujumbura, umeuliza maswali ya msingi, na la pili umelijibu mwenyewe. Ni kitu kilekile. Waskoti wanakiita piti, nami nitatumia neno hilo. Ni mimea ya kinamasi iliyooza nusu kwa maelfu ya miaka kwa kukosa hewa, ikagandamana, ikakatwa kama matofali na kuanikwa. Mimea ikitofautiana, moshi nao hutofautiana. Kule piti nyingi imetokana na mimea midogo laini ya kinamasi, nyasi na vichaka vidogo vya nyikani, ndiyo maana moshi wake una utamu fulani wa mitishamba ambao moshi wa mkaa wetu hauna.

Ama kuhusu kimea kimoja, neno “kimoja” linahusu kiwanda. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2009 inataka wiski ya namna hii itokane na maji, hamira na shayiri iliyooteshwa pekee, ikenekwe kwa mikupuo katika mitungi ya kiwanda kimoja, ikae katika mapipa ya mwaloni ndani ya Skotlandi kwa muda usiopungua miaka 3, na iwe na kileo kisichopungua asilimia 40. Ndani ya chupa moja kunaweza kuwa na mchanganyiko wa mapipa mengi, na umri ulioandikwa ni wa pipa changa kuliko yote. Chupa ya miaka 10 inaweza kuwa na tone la miaka 14. Haiwezi kuwa na tone la miaka 9.

Kimea hatuhitaji kufundishwa na mtu. Aliyekulia nyumba inayopika mbege, busaa au togwa amemwona bibi yake akiloweka ulezi au mtama, akiufunika hadi uchipue, kisha akiuanika kabla ya kuusaga. Sababu ni ileile: punje ikianza kuota hutengeneza vimeng’enya vya kugeuza wanga kuwa sukari, na ukiikausha kwa wakati unaofaa unaisimamisha kabla mche haujaila sukari hiyo. Springbank wanafanya kazi hii kwa mkono, shayiri yote, kwenye sakafu za mawe, wakiigeuza kwa majembe ya mbao mchana na usiku ili isipate joto na isishikane mizizi. Viwanda vingi sana vya Skotlandi vinanunua kimea kilichokwisha kutengenezwa na makampuni makubwa. Springbank nao waliacha sakafu zao mwaka 1960, kisha wakazirudia mwaka 1992, na tangu hapo hawajanunua nje.

Baada ya kuota, kimea hupandishwa tanuruni, na hapa ndipo njia tatu zinapoachana. Kimea cha Hazelburn hukaushwa kwa hewa ya moto peke yake, kiasi cha saa 30, bila moshi wowote. Cha Springbank hupewa moshi wa piti kwa takriban saa 6, kisha humaliziwa kwa hewa ya moto. Cha Longrow hukaa juu ya moshi hadi saa 48. Fikiria samaki aliyepitishwa juu ya jiko kwa muda wa kuchemsha maji ya chai, na samaki aliyelala darini siku mbili. Ni samaki yuleyule wa ziwa lilelile, lakini hakuna atakayekuambia kwamba ladha ni moja.

Kisha kimea husagwa, sukari yake hutolewa kwa maji ya moto, na maji hayo matamu huchachushwa katika mapipa makubwa ya mbao kwa zaidi ya siku tatu. Muda huo ni mrefu kuliko desturi ya viwanda vingi, na ndio unaoleta harufu za matunda, kwa maana hamira ikishamaliza kazi yake bakteria wa asidi ya maziwa huendelea na yao, kama ilivyo kwa togwa iliyoachwa siku ya pili na ya tatu.

Kwenye mitungi ndipo penye jambo la kipekee. Longrow inakenekwa mara mbili, kama wiski nyingi za Skotlandi. Hazelburn inakenekwa mara tatu, na kila mkupuo unaopita juu ya shaba unapunguza uzito na ukali. Springbank yenyewe wanasema inakenekwa “mara mbili na nusu”, na watu wengi hurudia maneno hayo bila kuyaelewa. Maana yake ni hii. Mtungi wa kwanza, ambao huwashwa moto wa moja kwa moja chini ya tumbo lake, unatoa kileo hafifu. Sehemu kubwa ya kileo hicho inapelekwa mtungi wa pili na kukenekwa tena. Sehemu ndogo inawekwa kando ikisubiri. Mwishoni zinakutanishwa katika mtungi wa tatu, kiasi cha asilimia 80 ya ile iliyopita mara mbili na asilimia 20 ya ile iliyopita mara moja, kisha zote zinakenekwa pamoja. Kwa hiyo sehemu moja ya wiski yako imepita shaba mara tatu na nyingine mara mbili. Ile asilimia 20 ndiyo inayobeba mafuta na uzito. Bila hiyo Springbank isingekuwa Springbank.

Mtungi mmoja kati ya hiyo mitatu bado unapozwa kwa bomba la shaba lililozungushwa ndani ya pipa kubwa la maji baridi. Aliyewahi kuona mapishi ya gongo au waragi kijijini anaujua mtambo huo, kwa kuwa kanuni yake ni moja.

#4 Mchangiaji (Nakuru)

Mkuu, nimekusoma kwa makini sana, lakini sasa tupeleke kwenye glasi. Ulionja vipi, na ulisikia nini? Tena nakuomba jambo moja: tafadhali usituletee yale maneno ya kwenye tovuti za Ulaya, kwamba inanukia tunda fulani la porini ambalo hatujawahi kuliona. Mimi nimenunua chupa kwa kufuata maelezo ya namna hiyo na sikusikia hata moja kati ya harufu zilizotajwa.

#5 Mwanzisha uzi

Ombi lako ni la haki, na ndilo lililonifanya niandike kwa Kiswahili. Harufu ni kumbukumbu. Aliyeandika kwamba wiski inanukia tunda la porini la kwao alikuwa mkweli, kwa sababu alilila utotoni. Wewe ukilitafuta hulipati kwa kuwa hulina kichwani. Inatupasa tuonje kwa majiko yetu.

Tulikuwa wanne Jumamosi moja jioni, nyumbani kwangu: mimi niliyekulia Tanga, rafiki wa Eldoret, rafiki wa Bukavu, na shemeji yangu ambaye hakuwa amewahi kuonja wiski bila soda. Mke wangu hanywi, kwa hiyo yeye ndiye aliyemimina jikoni na kutuletea glasi zenye namba tu. Chupa zilikuwa nne: Hazelburn ya miaka 10, Springbank ya miaka 10, Springbank ya miaka 15, na Longrow isiyo na umri kwenye lebo. Zote nne zina kileo cha asilimia 46, hazikutiwa rangi, wala hazikuchujwa kwa baridi (yaani hazikupozwa ili kuondolewa mafuta yake), na hilo ni muhimu sana kwa ulinganishaji, kwa sababu ukali wa kileo haukuweza kutudanganya. Kila mmoja alipata mililita 20 za kila chupa, katika glasi zenye tumbo pana na mdomo mwembamba. Palikuwa na maji, mkate mkavu, na nusu saa kati ya glasi na glasi. Niliomba mtu yeyote asijipake manukato siku hiyo, na jikoni hapakukaangwa kitu tangu asubuhi.

Hazelburn ilikuja kwanza. Rangi yake ni ya majani makavu, kwa kuwa wiski hii hukaa katika mapipa yaliyokuwa na burboni, ile wiski ya mahindi ya Marekani. Harufu ya kwanza niliyoisikia ni ya pera lililoiva hadi kuanza kulainika, kisha asali nyepesi, kisha kitu nilichokitafuta dakika kadhaa hadi rafiki wa Bukavu alipokitaja: unga wa mahindi uliotoka kinuni, bado una joto. Ulimini ni laini, ina mafuta kidogo, na ladha yake haikai muda mrefu. Shemeji aliipenda kuliko zote. Ni wiski nzuri ya kumkaribishia mgeni, lakini nikiiangalia kama mwanafunzi, thamani yake kubwa ni kwamba inanionyesha shayiri ya kiwanda hiki bila moshi. Kila ninachokisikia katika glasi nyingine na ambacho hapa hakipo, najua kimetoka wapi.

Springbank ya miaka 10 ndiyo iliyotushika muda mrefu kuliko nyingine, na ndiyo nitakayoiongelea zaidi. Kiwanda kwa miaka mingi kimeeleza kwamba takriban asilimia 60 ya mapipa yake ni ya burboni na asilimia 40 ni ya sheri, ile mvinyo iliyokolezwa ya kusini mwa Hispania. Pua ikikaribia, lile pera la Hazelburn bado lipo, lakini limeingia ghalani. Kuna harufu ya gunia la katani lililopata unyevu, kuna mafuta ya cherehani, kuna ganda la chungwa, na kwa mbali kuna moshi wa jiko lililozimwa jana. Mimi nilisikia pia chumvi, ile ya pwani maji yanapokupwa na mwani unabaki juani. Nikajiambia kwamba huenda nafikiria bahari kwa sababu najua Campbeltown ni mji wa bandari, lakini shemeji, ambaye hakujua mji wala bahari yake, alisema glasi namba mbili ina ladha ya maji ya dafu lililopandwa karibu na ufuko. Anayejua madafu ya pwani anaelewa alichokimaanisha.

Rafiki wa Eldoret alikaa kimya kwa muda, kisha akasema inamkumbusha mursik, yaani maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kilichosafishwa kwa mkaa wa mti maalumu. Nilipoonja tena nikaipata mara moja: uchachu mdogo, mafuta, na jivu safi. Kwangu mimi hilo ndilo elezo sahihi kuliko yote niliyowahi kuyasikia kuhusu wiski hii, katika lugha yoyote. Uchachu ni wa zile siku za kuchachua, mafuta ni ya ile asilimia 20 isiyopita shaba mara tatu, na jivu ni la zile saa sita za piti. Mtu ambaye hakuwahi kusoma habari za kiwanda aliusoma mchakato mzima kwa ulimi wake.

Springbank ya miaka 15, ambayo chupa yetu ilitoka katika mapipa ya sheri, ina rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Ina tende, ukwaju, sukari guru, ngozi ya makubazi mapya na punje mbili tatu za karafuu. Ni nzito na ni tamu, na siwezi kusema ni mbaya. Hata hivyo, tulipoulizwa bila kujua majina, watatu kati yetu wanne waliiweka chini ya ile ya miaka 10. Sababu waliyoitoa ilikuwa moja kwa maneno tofauti: pipa linazungumza kwa sauti kubwa mno. Lile gunia, yale mafuta ya cherehani na ule uchachu bado vipo, ila inabidi usubiri hadi glasi ikae wazi dakika 20 ndipo vijitokeze.

Longrow ilikuja mwisho, kwa kuwa moshi ukitangulia unaziba njia ya vingine. Harufu yake ilimfikia kila mtu kabla glasi hazijatua mezani. Rafiki wa Bukavu alisema samaki wa moshi, bila kusita. Lakini moshi huu si mkavu wala haukwaruzi koo. Umezungukwa na krimu, vanila na kitu kama ganda la nazi linaloungua polepole. Nyuma kabisa, kwa anayevumilia, pera la Hazelburn linarudi. Hilo lilinifurahisha kuliko jambo lingine lolote usiku ule, kwa sababu saa 48 za moshi zilikuwa zimekaa juu ya tunda lile bila kulifuta.

#6 Mchangiaji (Dubai)

Kaka, naheshimu kazi uliyoifanya, lakini hapo kwenye umri sikubaliani nawe. Mimi nimeonja Springbank ya miaka 18, na tofauti yake na ile ya 10 si ya lebo. Ya miaka 18 ina utulivu ambao huwezi kuupata katika kinywaji kichanga. Ladha zinakuja moja baada ya nyingine, hazigombani. Zaidi ya hayo, ulinganishaji wako una kasoro. Ya miaka 15 ilikuwa katika mapipa ya sheri na ya 10 ilikuwa mchanganyiko, kwa hiyo ulichokipima ni pipa, hukupima umri. Kwa kanuni yako mwenyewe, umebadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja.

#7 Mwanzisha uzi

Kaka, umenishika mahali pa haki, na nakubali bila kuzunguka. Kati ya ile ya 10 na ile ya 15 nilibadilisha umri na pipa kwa pamoja, kwa hiyo sina haki ya kusema kwamba miaka mitano ndiyo iliyofunika. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba pipa la sheri lilifunika, na kwamba miaka 15 ilikuwa muda wa kutosha kwa pipa hilo kufanya kazi hiyo.

Kuhusu ile ya miaka 18, niliionja mara moja tu, kipimo kimoja katika baa, na utulivu unaousema niliusikia. Sikatai kwamba umri unafanya kazi. Mwaloni unapitisha hewa, kileo kinakutana na oksijeni, ile harufu kali ya kiberiti ya kileo kichanga inapungua, na asidi za mbao zinaungana na kileo kutengeneza harufu mpya za matunda. Nakataa jambo moja tu, nalo ni kuanza na umri. Mtu akiniambia ana fedha ya chupa moja ya miaka 18, nitamwambia mara moja kwamba fedha hiyo inatosha Hazelburn, Springbank ya 10 na Longrow, na pengine ikabaki. Akishakaa na hizo tatu mwaka mzima, ile ya 18 atakapokutana nayo ataijua kama mtu anayemjua mtoto aliyemwona akikua.

Kuna jambo la ziada linalonihuzunisha. Wiski ya kiwanda hiki imekuwa adimu, kwa sababu wenyewe hawataki kupanua wala kuacha kazi ya mkono, huku wanaoitafuta wakizidi kila mwaka. Wapo wanaonunua chupa na kuiuza siku hiyohiyo kwa bei maradufu bila kuifungua. Shayiri iliyogeuzwa kwa jembe usiku wa manane ilikusudiwa kunywewa na watu, na kila chupa inayohama kutoka kabati hadi kabati ikiwa na muhuri wake inanipa uchungu wa kweli.

#8 Mchangiaji (Arusha)

Shikamooni wakubwa. Nina swali fupi. Kuna wiski iitwayo Kilkerran, nayo ni ya Campbeltown na nimeambiwa ni ya wamiliki haohao. Je, hiyo siyo ya nne katika orodha yako?

#9 Mwanzisha uzi

Marahaba. Ni ya wamiliki haohao, na kimea chake huoteshwa Springbank, lakini hukenekwa katika kiwanda kingine kilicho jirani, Glengyle, kilichofungwa mwaka 1925 na kufufuliwa mwaka 2004. Mitungi ni tofauti, kwa hiyo kisheria na kiladha ni kiwanda kingine. Ni nzuri, na inastahili uzi wake.

#10 Mchangiaji (Nakuru)

Mkuu, narudi na habari. Ndugu yangu aliyetoka Uingereza ameniletea Springbank ya miaka 12, lakini si ile ya asilimia 46. Hii imetoka pipani bila kupunguzwa maji, na lebo inasema asilimia 55. Nilipoonja kinywa kiliwaka moto, sikusikia mursik wala gunia. Nitie maji au nitaiharibu?

#11 Mwanzisha uzi

Tia maji bila hofu, ila tia kwa kipimo. Ukitaka kuilinganisha na zile nne nilizozieleza, ni lazima uilete karibu na asilimia 46. Mililita 20 za asilimia 55 zinahitaji mililita 4 hivi za maji, yaani pungufu kidogo ya kijiko cha chai. Tumia maji yasiyo na klorini, kwa sababu pua inaisikia klorini upesi na ikishaisikia haisikii kingine.

Kuna sababu ya kisayansi ya jambo hili. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Uswidi, walitumia hesabu za kompyuta kufuatilia guayakoli, mojawapo ya viambato vinavyoleta ladha ya moshi katika wiski. Waliona kwamba kileo kikiwa asilimia 45 au chini yake, guayakoli hukaa juu, karibu na uso wa kinywaji, mahali ambapo pua inaifikia. Kileo kikizidi asilimia 59, inazungukwa na chembe za alkoholi na kuzama ndani. Kwa hiyo mkaa wa mursik yako haujapotea. Upo chini, na maji yatauinua.

Fanya hivi: mimina glasi mbili, moja iache ilivyo, nyingine itie maji hayo, kisha zifunike kwa kisahani kwa dakika 10. Anza na yenye maji. Ukimaliza, usizioshe glasi usiku huo.

#12 Mchangiaji (Nakuru)

Nimefanya kama ulivyoelekeza. Yenye maji ilinipa ganda la chungwa kwanza, kisha gunia, na mwisho kabisa ule uchachu wa kibuyu. Ile isiyo na maji bado inaniwakia, ingawa utamu wake ni mkubwa zaidi. Glasi nimeziacha mezani. Kwa nini zisioshwe?

#13 Mwanzisha uzi

Kwa sababu kileo kitakuwa kimeruka chote ifikapo asubuhi, na yale mazito yaliyobaki kwenye kioo ndiyo kiwanda chenyewe. Asubuhi baada ya jioni yetu nilizipitia zile glasi nne kabla ya chai. Ya Hazelburn ilikuwa na harufu hafifu ya asali na mbao, ya miaka 15 ilikuwa na tende na ngozi, na ya Longrow ilinukia jivu tupu kama jiko la shamba. Ile ya Springbank ya miaka 10 niliirudia mara tatu. Ilikuwa na jivu kidogo, asali kidogo na ganda la chungwa lililokauka, na chini yake bado palikuwa na gunia lile lenye unyevu.